Ufundi wa Kupiga Picha za Watu, na Majina Yao

Mgeni akikaribishwa kiti katika nyumba za Mshangano, mjini Songea, mara nyingi huona picha za jamaa zimetundikwa ukutani. Akiuliza, "Huyu ni nani?", mwenye nyumba pengine husita kidogo, kisha hujibu, "Ni ndugu yake babu. Jina lake sikuambiwa." Jibu hili ndilo lililotusukuma kuandika maneno machache haya.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Watu wa zamani walisema sanamu, au taswira. Na sanamu lilitumika kwa kitu kilichochongwa na kwa kitu kilichochorwa vilevile. Neno picha limetoka katika Kiingereza. Kitenzi chake kwetu ni kupiga, kile kile cha kupiga ngoma na kupiga bunduki. Basi katika kila picha wako wawili, apigaye na apigwaye, na yafaa kuuliza kama huyu wa pili aliridhia.

Ufundi huu ulitangazwa Ufaransa mwaka 1839, na kabla karne ile haijaisha ulikuwa umekwisha kufika Unguja, ambako A. C. Gomes, mtu wa asili ya Goa, alikuwa na studio yake. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe, na mwanawe Rohit akaurithi ufundi wa baba. Huko Mombasa N. V. Parekh alifungua studio mwaka 1942. Watu walikwenda kwa mafundi hawa kwa hiari yao, nao walilipa ili waonekane kama walivyopenda kuonekana.

Walakini katika nchi yetu ya Songea picha zina kumbukumbu nyingine pia. Katika vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905, Wadachi waliwakamata wakubwa wengi wa Wangoni, wakawanyonga hapa Songea. Wengi wao walinyongwa siku ya 27 Februari 1906, na siku hiyo hukumbukwa kila mwaka. Majina ya wakubwa, kama Nkosi Mputa Gama na Nduna Songea Mbano, yamehifadhiwa. Lakini ziko picha za wafungwa wa vita vile, minyororo shingoni, ambazo zimechapwa mara nyingi pasipo kutajwa jina la hata mmoja. Hawakuulizwa kama waliridhia, wala hawakuulizwa majina. Twaziona sura zao, lakini wajukuu hawajui wamwite nani babu.

Tulikwenda kuzungumza na mzee mmoja wa Mshangano, aliyeanza kupiga picha za watu katika miaka ya 1970. Tulimwuliza ni wateja gani asioweza kuwasahau. Akataja wawili.

Wa kwanza alikuwa bibi mmoja aliyetoka shambani na jembe begani. Fundi alitaka kuliweka jembe kando na kumpa bibi ua la karatasi alishike mkononi, maana ndiyo iliyokuwa desturi ya studio. Bibi akakataa. "Mwanangu," akasema, "jembe hili ndilo lililowasomesha wanangu. Nipige nalo." Tangu siku ile, asema mzee, hakumpanga mtu kabla ya kumsikiliza.

Wa pili alikuwa baba mmoja aliyemleta mtoto wake wa kiume apigwe picha ya kwanza. Miezi kadhaa ikapita, baba akarudi peke yake. Mtoto alikuwa amefariki, na ile picha ilikuwa imelowa mvua ikaharibika. Aliomba isafishwe nyingine. Fundi alikuwa na negativu nyingi ndani ya sanduku, lakini hakuandika jina juu ya hata moja. Akazitafuta siku mbili mbele ya taa, asiione. "Akaniambia, Si kitu, fundi, akaenda zake," mzee alituhadithia. "Afadhali angalinikemea." Kuanzia hapo kila negativu aliitia katika bahasha yake, akaandika jina na tarehe. Alitufunulia sanduku hilo, tukaona bahasha zimepangwa kwa miaka. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndugu zetu walimu na mapadre, jambo hili latuhusu sisi hasa. Katika parokia zetu viko vitabu vya ubatizo vyenye majina yasiyo na sura, na katika nyumba za wakristo wetu ziko sura zisizo na majina. Wazee wawezao kuziunganisha wanapungua kila mwaka. Siku hizi simu za mkononi zimejaa picha kuliko sanduku la mzee yule, na majina ni machache vilevile.

Twashauri kazi ndogo. Mwalimu awaagize wanafunzi waulize nyumbani, kwa adabu, ni nani aliye katika kila picha, alizaliwa wapi, na alikuwa nani kwao. Kisha waandike nyuma ya picha kwa kalamu ya risasi, polepole, wasije wakaichubua. Yule baba aliondoka mikono mitupu kwa kukosa neno moja juu ya bahasha, na neno hilo lingeandikwa kwa dakika moja tu.