Matabaka ya Ushahidi: Shajara ya Livingstone na Mauaji ya Nyangwe, 1871

Mtafiti arudipo kutoka uwandani huwa na maandishi ya namna mbili: yale aliyoyaandika papo hapo, na yale anayoyasafisha baadaye kwa ajili ya msomaji. Baina ya hayo mawili ndipo ukweli unapoweza kupotoshwa, na mara nyingi si kwa kubuni jambo bali kwa kuliondoa. Historia ya Maniema ya kusini inao mfano ulio bayana.

David Livingstone aliingia Bambarre, yaani Kabambare ya leo, mwezi Septemba 1869. Vidonda vya miguu vilimweka hapo tangu Julai 1870 hadi Februari 1871. Tarehe 4 Februari walimfikia watu kumi, watumwa wa wafanyabiashara wa Kibaniani wa Unguja, waliopelekwa na John Kirk, aliyeshika ubalozi mdogo wa Uingereza huko. Watu hao hawakutaka kuendelea na safari, na ugomvi baina yao na Livingstone haukwisha. Mwishoni mwa Machi msafara ulifika Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, katika eneo la Kasongo. Karatasi zilipomwishia, Livingstone aliandika juu ya kurasa za gazeti la zamani, The Standard la 24 Novemba 1869, kwa wino wa matunda ya mwituni.

Tarehe 15 Julai 1871, watu wa Dugumbe, mfanyabiashara aliyetoka pwani, waliufyatulia risasi umati uliokuwa sokoni Nyangwe. Wengi waliokufa walikuwa wanawake waliokuja kuuza na kununua. Wengine walizama mtoni wakikimbilia mitumbwi. Livingstone alinukuu makisio ya Waarabu wenyewe: kati ya watu 330 na 400. Habari hizo zilipofika Uingereza mwaka 1872 zilitia nguvu kampeni ya kupinga biashara ya watumwa, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja.

Kwa zaidi ya karne moja wanahistoria walilitegemea toleo lililochapishwa mwaka 1874, lililohaririwa na Horace Waller. Toleo hilo lilitokana na daftari kubwa ambamo Livingstone mwenyewe alikuwa amenakili upya habari zake. Shajara ya gazetini ilikuwa haisomeki tena, kwa kuwa wino ulikuwa umefifia juu ya herufi za chapa. Mwaka 2011, kundi la wataalamu lililoongozwa na Adrian Wisnicki lilitangaza kwamba limeisoma kwa kuzipiga picha kurasa zake chini ya mianga ya rangi mbalimbali.

Tofauti zilijitokeza. Maandishi ya mwanzo yanaonyesha mwenendo wa ukatili wa watumwa wa Kibaniani kwa uwazi zaidi, na yanazusha uwezekano kwamba baadhi ya watu wa msafara wa Livingstone hawakuwa mbali na mauaji yale. Katika nakala safi, mambo hayo yamepunguzwa au kuachwa. Ikumbukwe kwamba huo ni uwezekano tu, haujathibitishwa. Wala tofauti hizo hazikanushi kwamba mauaji yalitokea. Anayezitumia ili kuwatakasa wafyatuaji risasi atakuwa amerudia kosa lile lile la kuchagua ushahidi unaompendeza.

Njia ya kugundua kasoro za namna hii ni kulinganisha tabaka kwa tabaka: nini kiliandikwa kwanza, nini kiliondolewa, na nani alinufaika kwa kuondolewa kwake. Livingstone alikuwa na sababu: msafara wenye doa ungeudhoofisha ushahidi wake mbele ya wasomaji wa Uingereza. Nia yake ya kukomesha utumwa ilikuwa njema, lakini nia njema haihalalishi kufuta.

Hata hivyo, ulinganisho huo una mpaka. Matabaka yote matatu yametoka mikononi mwa mgeni mmoja na mhariri wake. Hakuna hata moja lililoandikwa na wachuuzi wa Nyangwe. Kwa hiyo wanaokusanya masimulizi Kasongo na Kabambare wana wajibu wa kuhifadhi kanda na madaftari ya uwandani kama yalivyo, pamoja na yale yasiyoafikiana na hoja zao, ili watakaokuja baadaye wapate cha kulinganisha.