Bisibisi Sikioni

Mwaka 2009 nilitoa pesa ya ada ya mwanangu nikanunua nozeli nne za gari. Lilikuwa gari la mtumba kutoka Japani, na lilikuwa linamisi. Fundi alifungua boneti, akatikisa kichwa, akasema nozeli zote zimekufa. Akaongeza kuwa kama mfuko wangu haukuruhusu, angeweza kung'oa mfumo mzima na kunifungia kabureta. Nilimcheka kimoyomoyo. Kumbe Wamarekani waliwahi kufanya hivyo hivyo!

Turudi nyuma kidogo. Injini ya Rudolf Diesel, iliyofaulu majaribio huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, ilipuliza mafuta ndani ya silinda kwa hewa iliyoshindiliwa na kompresa. Mzigo wa kompresa hiyo uliifaa meli na kiwanda, si lori. Mwaka 1922 Robert Bosch wa Stuttgart aliamua kutengeneza pampu ndogo ya kusukuma mafuta yenyewe, na mwaka 1927 pampu hizo zikaanza kutoka kiwandani kwa wingi. Lori la dizeli likapata njia ya kuenea.

Upande wa petroli, kabureta iliendelea kutawala. Mwaka 1957 kampuni ya Bendix ilitangaza mfumo wa nozeli zinazoendeshwa kwa umeme, na Chrysler ikaufunga katika magari machache ya toleo la 1958. Ukasumbua mno. Mengi ya magari hayo yalirudishwa yakafungwa kabureta, kama alivyotaka kunifanyia fundi wangu. Bosch wakaendeleza wazo hilo, na mwaka 1967 wakalitoa katika Volkswagen 1600 zilizokwenda Marekani, ambako sheria za moshi, hasa California, zilikuwa zinakazwa.

Nozeli ya namna hiyo ni kitu chepesi kuelewa. Ndani mna koili. Umeme ukipita, sindano hunyanyuka na petroli huruka kama ukungu. Umeme ukikatika, hufunga. Kila mara hutoa mlio: tik, tik, tik.

Naam, nozeli mpya zilifungwa, na gari likaendelea kumisi vile vile. Jirani yangu, mzee aliyestaafu umakenika, akanikuta nimejiinamia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ulizisikiliza kwanza?"

Akaniambia niwashe injini. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye nozeli, mpini akauweka sikioni. Ya kwanza ikalia, ya pili ikalia, ya tatu kimya, ya nne ikalia. Akaitikisa plagi ya waya ya ile ya tatu, nayo ikaanza kulia, na injini ikatulia. Waya ulikuwa umekatikia ndani ya ganda lake! Angekuwa na mita ya umeme, alisema, angepima koili injini ikiwa imezimwa: nyingi husoma omu 12 hadi 16, na baadhi 2 au 3 tu, lakini zote za gari moja hulingana. Mlio hausemi kila kitu, kwani nozeli iliyoziba uchafu nayo hulia vizuri.

Kwa dizeli za zamani, mafundi hulegeza nati za mabomba ya nozeli moja moja, wakisikiliza ni ipi haibadilishi mngurumo. Tafadhali, jambo hilo usilijaribu kamwe kwenye injini za komoni reli, zilizoanza kuuzwa katika magari madogo mwaka 1997. Humo shinikizo hupita baa 1,000, na mafuta hupenya ngozi kama sindano. Kitundu huonekana kidogo, hakiumi sana, lakini mtu huweza kukatwa mkono.

Nilirudi kwa yule fundi kudai nozeli zangu nne za zamani, ambazo sasa nilijua ni nzima. Akaniambia ameshaziuza.