Twisti: Wimbo Mmoja, Baba Wawili

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Wiki hii, msomaji mpendwa, nataka tumkumbuke mtu aliyecheza kwao, tena akacheza vizuri, lakini tuzo ikaenda nyumba ya jirani.

Twisti tunaijua sote. Hata kijana wa leo ukimwomba aicheze, atakunja magoti, atazungusha kiuno na kusaga nyayo sakafuni kama anayezima kipande cha sigara. Ukimwuliza wimbo wa "The Twist" ni wa nani, kama anaujua atakujibu upesi: ni wa Chubby Checker. Hajakosea. Lakini jibu lake ni nusu.

Nusu ya pili inaanzia kwa Hank Ballard, mwimbaji mweusi aliyezaliwa Detroit, Marekani, mwaka 1927. Yeye na kundi lake la Midnighters waliurekodi wimbo huo mwaka 1958 katika kampuni ya King ya mjini Cincinnati. Sahani ilipotoka mwaka 1959, wimbo uliwekwa upande wa pili. Upande wa kwanza, ule ambao kampuni iliutegemea uuze, ulikuwa na wimbo wa taratibu wa mapenzi uitwao "Teardrops on Your Letter". Kwa maneno mengine, twisti ilizaliwa ikiwa mtoto wa kambo.

Vijana hata hivyo waliigeuza sahani, wakausikia mdundo na kuanza kuucheza. Habari zikamfikia Dick Clark, mtangazaji wa televisheni mjini Philadelphia ambaye kipindi chake, "American Bandstand", kilitazamwa na vijana nchi nzima. Clark aliona kwamba wimbo una nguvu. Tatizo lilikuwa mwimbaji. Ballard alikuwa na sifa ya nyimbo zenye mafumbo ya chumbani. Wimbo wake wa mwaka 1954, "Work with Me, Annie", ulikuwa umekataliwa na vituo kadhaa vya redio. Kumleta mtu wa namna hiyo mbele ya watoto wa wazazi wanaojiheshimu ilikuwa kazi ngumu.

Basi akatafutwa mwingine. Kijana mmoja wa Philadelphia, Ernest Evans, aliyekuwa akifanya kazi ya kuuza kuku, alikuwa na kipaji cha kuigiza sauti za waimbaji wengine. Ndiye aliyepewa jina la Chubby Checker, jina lililobuniwa kwa mzaha juu ya jina la mwimbaji maarufu Fats Domino. Aliurekodi wimbo karibu neno kwa neno na sauti kwa sauti. Husimuliwa kwamba Ballard alipousikia redioni mara ya kwanza, alidhani anajisikia yeye mwenyewe.

Septemba 1960, "The Twist" ya Checker ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya gazeti la Billboard. Baadaye ikashuka, kama nyimbo zote. Lakini mwishoni mwa mwaka 1961 mambo yaligeuka. Watu wazima wa New York, wakiwamo matajiri na waigizaji wa sinema, walianza kufurika katika ukumbi mdogo ulioitwa Peppermint Lounge ili wacheze ngoma ya watoto wao. Januari 1962 wimbo ule ule ukarudi namba moja. Nao ulipoachia kiti, aliyekikalia alikuwa Joey Dee na kundi lake la Starliters, kwa wimbo mwingine wa twisti.

Kwa nini ilienea hivyo? Kwanza, haikuhitaji mwalimu. Pili, haikuhitaji kumshika mtu. Kabla yake, dansi ya ukumbini kwa kawaida ilikuwa mwanamume na mwanamke kushikana, mmoja akiongoza na mwingine akifuata. Twisti iliwaachanisha. Kila mtu akasimama kwa miguu yake na kucheza apendavyo. Disko zote tulizozicheza baada ya hapo zinaidai twisti shukrani.

Huku kwetu pia ilifika. Nairobi ya miaka ya 1960, katika studio za Equator, Daudi Kabaka na wenzake waliitengeneza upya na kuiita twisti ya Kiafrika, ikiwa na gitaa zetu, Kiswahili chetu na mdundo uliokaribiana na kwela ya Afrika Kusini. Wimbo wa Kabaka, "Helule Helule", ulisafiri hadi Uingereza, na mwaka 1968 kundi la Tremeloes liliurekodi ukaingia katika nyimbo ishirini bora za huko. Hebu fikiria ni Waingereza wangapi waliocheza "Helule Helule" wakilijua jina la Tremeloes, bila kulijua kamwe jina la Daudi Kabaka. Kisa cha Ballard kilikuwa kimevuka bahari na kurudi.

Tusimwonee Checker. Hakuiba. Ballard aliendelea kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi, na kila santuri ya mwenzake iliyouzwa ilimwingizia chochote. Isitoshe, Checker naye alikuwa na machungu yake. Amewahi kulalamika kwamba wimbo huu ulimfunga, kwani watu hawakutaka kumsikiliza akiimba kitu kingine. Ballard aliingizwa katika jumba la heshima la muziki wa roki mwaka 1990. Checker alisubiri. Mwaka 2001 alilipia tangazo gazetini kudai heshima yake. Mwaka 2018 jumba hilo liliuenzi wimbo, mwimbaji akabaki nje. Akaingizwa mwaka 2025, akiwa na miaka 84. Ballard alikuwa amekwisha kufariki mwaka 2003.

Kwa hiyo mmoja alikuwa na wimbo bila sura, na mwingine akawa na sura isiyoonekana bila wimbo. Kati yao alikaa mtu wa tatu: mtangazaji. Dick Clark hakutunga wala hakuimba, lakini ndiye aliyeamua nchi imsikie nani.

Hapo ndipo kisa hiki kinaponigusa mimi na wenzangu wa redio. Mara ngapi nimepiga wimbo wa zilizopendwa nikataja mwimbaji tu, kisha nikakimbilia tangazo la sabuni? Mara ngapi nimepiga wimbo uliorudiwa na kijana wa leo, nikanyamaza kabisa kuhusu mzee aliyeutunga? Kumtaja mtunzi huchukua sekunde tatu. Kwa mtunzi aliye hai, sekunde hizo zinaweza kuwa ndiyo tofauti ya kulipwa na kusahauliwa. Kwa aliyefariki, kama Kabaka aliyetutoka mwaka 2001, ndiyo haki pekee iliyobaki mikononi mwetu.

Safari ijayo utakaponisikia nikipiga wimbo bila kumtaja aliyeutunga, msomaji, nipigie simu studio. Uniulize wimbo huu baba yake ni nani. Nisipoweza kukujibu, basi sikustahili kuupiga.