Kabla ya Kuuhukumu Mchezo

Wanaohakiki michezo ya kuigiza mezani, ile ya ukoo wa Dungeons & Dragons iliyotoka Marekani mwaka 1974, bado wanabishana: je, mhakiki ni lazima aicheze hadithi kabla ya kuiandikia, ama kusoma kitabu chake kunatosha? Huku Eastlands wanaoicheza ni wachache. Lakini swali lenyewe si geni kwetu. Bao lilishalipitia.

Mwaka 1896 Stewart Culin, mtu wa makumbusho kule Marekani, alichapisha makala akiuita mchezo wa mashimo na kete mchezo wa kitaifa wa Afrika. Mwaka 1952 Mwingereza H.J.R. Murray, ambaye alikuwa ashaandika historia nene ya sataranji, akatoa kitabu juu ya michezo mingine ya ubao. Ya kwetu aliipanga kwa kuhesabu safu: mbili, tatu, nne. Kwa hesabu hiyo ajua ya Waluo inakaa kwenye safu mbili, nalo bao la Kiswahili linakaa rafu moja na omweso wa Uganda. Yote mawili yana safu nne za mashimo manane, kete 64. Kwa macho, ni pacha.

Sasa keti ucheze. Kwenye omweso kete zako zote 32 ziko ubaoni tangu mwanzo. Kwenye bao unaanza na 10 ubaoni na 22 mkononi, unaziingiza moja moja. Hiyo ndiyo namua, na mtaji unakuja baadaye. Halafu kuna nyumba. Ukila kisha kete yako ya mwisho ikaangukia humo wakati wa namua, una ruhusa kulala ama kusafiri. Sheria inaishia hapo. Haikwambii ni lini utaitapanya akiba yako yote, wala vile tumbo linakaza ukijua ukichelewa mwenzako ataila. Na hiyo ndiyo bao. Aliyesoma sheria tu atakuambia ni mchezo wa kuhesabu.

Ndiyo maana kazi za baadaye zina uzito mwingine. M.B. Nsimbi, Mganda, aliandika juu ya omweso mwaka 1968 akiwa mtu wa nyumbani. Alex de Voogt, Mholanzi, alikaa na mabingwa wa Zanzibar, akajifunza kucheza, na mwaka 1995 akatoa kitabu kuhusu umahiri wao. Hapo swali si safu ngapi tena, ni bingwa anafikiri vipi.

Lakini tusimtupe Murray. Hakuna binadamu angecheza michezo yote ile. Kwa kusoma sana aliona undugu ambao mchezaji wa kijiji kimoja hangeuona. Hata kwenye drafti ya vifuniko vya soda hapa mtaani, mtazamaji huona hatua ambayo mwenye kete ameikosa. Na kucheza mara moja nako kunadanganya: ukifungwa haraka na fundi, utasema mchezo ni mbaya.

Kuna pia mambo ya pesa. Mimi hulipwa kwa kila makala. Kukusanya wasee wanne kwenye chumba kimoja Umoja, Jumamosi nzima, kila mtu akiwa na hustle yake, ni gharama ambayo hakuna mhariri ameniwekea kwa bajeti. Kwa hivyo uhakiki mwingi utaendelea kuwa wa kusoma, na sioni aibu hapo.

Aibu ni kuficha. Aliyesoma aseme amesoma: lugha, mpangilio, bei. Kama mchezo unanoga ama unachosha, hilo amwachie aliyecheza. Kwa sababu kijana wa Kayole ambaye hajawahi kuona bao atalijua kwanza kupitia maandishi ya mtu. Akiambiwa ni la kuhesabu mbegu, hatawahi kuketi, na wazee wanaolijua hawatabaki wakimngoja.