Mvinyo Uliojengewa Ukuta

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipousogelea mji wa Montalcino, mkoani Toscana nchini Italia, Tancredi Biondi-Santi alizichukua chupa kuukuu za familia akazijengea ukuta ghalani, katika shamba lao la Greppo. Wengine huzika dhahabu. Yeye alificha mvinyo aliourithi kwa baba yake Ferruccio, ukiwemo wa mwaka 1888.

Ferruccio alikuwa amepigana chini ya Jenerali Garibaldi mwaka 1866 kabla ya kulishika shamba la babu yake mzaa mama, Clemente Santi, mtaalamu wa dawa. Enzi hizo, Toscana ilizoea kuchanganya zabibu za kila aina, hata nyeupe, na kuunywa mvinyo ukiwa mchanga. Ferruccio akaenda kinyume: alitenga Sangiovese peke yake, zabibu ambayo Montalcino waliiita Brunello, akaiacha divai yake mapipani miaka na miaka.

Hakuwa na njia ya mkato. Sangiovese changa ni chachu, na ukakasi wake hukausha ulimi kama bibo. Muda unavyopita, chembe za ukakasi hushikana na kutuama chini kama mashapo, wekundu ukageuka rangi ya tofali. Uchachu unabaki, na ndio unaoulinda mvinyo usichakae. Greppo hawakuwa na pupa: tangu 1888 hadi 1945 walitoa Riserva, chupa za kutunzwa, mara nne tu.

Adui alikuwa kizibo cha gome la mti. Gome likizeeka, mvinyo huvuja taratibu na hewa kuchukua nafasi yake. Ndipo mwaka 1927 Tancredi akaanza kazi ambayo kwangu inashinda hata ule ukuta: alizifungua chupa za zamani, akaonja kila moja, akaitoa mhanga moja ya mwaka uleule ili kuzijaza nyingine, kisha akazitia vizibo vipya. Kuthubutu kuifungua chupa ya marehemu baba yako kunataka moyo.

Mwaka 1969, Rais Saragat wa Italia alimwandalia Malkia Elizabeth wa Uingereza chakula katika ubalozi wa Italia jijini London, na mezani palikuwa na Riserva ya 1955. Sifa zikasambaa, na majirani nao wakaipanda Sangiovese. Leo sheria haimruhusu mtu kuuza mvinyo wa Brunello kabla ya Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno. Riserva husubiri mwaka zaidi.

Franco, mwana wa Tancredi, aliwafungulia wataalamu ile ya 1888 mwaka 1994, nao wakaikuta ingali hai. Alifariki Aprili 2013, akiwa na umri wa miaka 91, na miaka michache baadaye kampuni ya Kifaransa, EPI, ikanunua sehemu kubwa ya Greppo. Mavuno ya mwisho ya Franco yalikuwa ya 2012. Alipozikwa, divai yake ilikuwa bado haijaingia chupani.