Habari za Kitabu Kikubwa cha Wanahua

Vitabu vikubwa vyenye picha, vielezavyo wanyama, miti, kazi na desturi za watu, twavitazama mara nyingi bila kufikiri jinsi vilivyopata kuwako. Ili kuonyesha kazi hiyo tumechagua kitabu kimoja kilichotengenezwa Meksiko katika karne ya 16. Kimehifadhiwa katika maktaba ya Laurenziana mjini Florence, nchi ya Italia, nacho huitwa kwa jina la mji huo.

Msimamizi wake alikuwa Bernardino de Sahagún, padre wa shirika la Wafransisko, aliyetoka Hispania akafika Meksiko mwaka 1529, miaka minane baada ya mji mkuu wa nchi ile kutekwa. Alifundisha Kilatini katika chuo cha Tlatelolco, kilichofunguliwa mwaka 1536 kwa ajili ya vijana wa wakubwa wa Wanahua. Yapata mwaka 1558 mkuu wake alimwagiza aandike kwa Kinahuatl mambo yatakayowafaa wahubiri. Naye alimfananisha mhubiri na tabibu, ambaye hawezi kutoa dawa asipoujua ugonjwa.

Kwanza alipanga orodha ya mambo yote yatakayoulizwa. Kisha alikwenda mji wa Tepepulco, akamwomba mkuu wa mji, Diego de Mendoza, ampe watu wenye kujua mambo ya kale. Akapewa wazee kumi au kumi na wawili. Pamoja nao walikuwa vijana wanne, wanafunzi wa zamani wa Tlatelolco. Wazee walijibu kwa picha, kwa maana picha ndizo zilizokuwa maandiko yao, na vijana wakaandika maelezo chini yake. Hata mwaka 1561 Sahagún akahamia Tlatelolco, akapewa wazee wengine. Hao wakayapitia yote, wakasahihisha na kuongeza. Mwisho yakapitiwa mara ya tatu katika mji wa Meksiko. Kwa hiyo alisema kwamba kazi yake ilichekechwa mara tatu.

Majibu yakapangwa katika vitabu 12. Cha kwanza ni habari za miungu, cha 10 ni watu na kazi zao, cha 11 ni wanyama, miti na mawe, na cha 12 ni vita vya kutekwa kwa nchi, kama walivyovikumbuka wale walioshindwa. Maswali yenyewe hayakuandikwa humo, lakini twayatambua katika majibu: mnyama huelezwa umbo lake, makao yake na tabia yake, fundi huelezwa aliye hodari, kisha aliye mbaya.

Lakini kazi kubwa hutaka fedha. Mwaka 1570 wakuu wa shirika waliona ya kuwa kuwalipa waandishi hakupatani na ahadi yao ya umaskini. Wakamwamuru Sahagún aandike kwa mkono wake mwenyewe, naye alikuwa amepita miaka 70, mkono ukimtetemeka. Vitabu vikatawanywa katika nyumba za mapadre, na kazi ikalala miaka kadhaa. Mwaka 1575 mkuu mwingine, Rodrigo de Sequera, aliagiza vinakiliwe upya kwa lugha mbili.

Basi ukurasa uligawanywa safu mbili, Kinahuatl upande wa kuume na Kihispania upande wa kushoto. Kwa kuwa Kihispania kilikuwa kifupi zaidi, nafasi iliyobaki ilijazwa picha, na jumla yake ni karibu 2,500. Wekundu wake ulitoka katika wadudu wakaao juu ya mpungate. Hata mwezi wa Agosti 1576 tauni ikaingia, watu wakafa wengi mno. Sahagún ameitaja tauni hiyo ndani ya kitabu cha 11, kwa maana kilikuwa kikinakiliwa siku zile zile. Kuanzia hapo rangi zapungua, na katika kitabu cha 12 picha nyingi ni za wino mweusi tu. Wataalamu wengi waona kwamba rangi hazikupatikana tena kwa sababu ya tauni.

Mwaka 1577 mfalme Philip II aliamuru maandiko hayo yatwaliwe yapelekwe Hispania. Sahagún alikufa mwaka 1590, kitabu chake kikiwa hakijachapwa.

Jambo moja lataka kukumbukwa. Sahagún aliwataja kwa majina wanafunzi wake: Antonio Valeriano wa Azcapotzalco, Martín Jacobita wa Tlatelolco, Alonso Vegerano na Pedro de San Buenaventura wa Cuauhtitlan. Aliwataja hata walionakili: Diego de Grado, Bonifacio Maximiliano na Mateo Severino. Lakini majina ya wachoraji hayamo. Wataalamu waliochunguza michoro wamehesabu mikono yapata 22, wala hawajui ni ya nani. Wazee nao, ambao bila wao kusingalikuwa na kitabu, wengi wao twawajua kwa hesabu yao tu.

Siku hizi kurasa zote zimewekwa katika intaneti, na watu zaidi ya milioni moja wasemao Kinahuatl hata leo waweza kusoma maneno ya wazee wao. Basi sisi tukusanyao maneno na desturi, tupange maswali kwanza, tuulize zaidi ya mahali pamoja, na kando ya kila neno tuliandike jina la mzee aliyetupa.