Mchoraji kama Mwanahistoria: Tshibumba Kanda Matulu na Kumbukumbu ya Siasa nchini Zaire, 1973–1974

Utangulizi

Historia ya Kongo katika karne ya 20 imeandikwa kwa kiasi kikubwa kutokana na nyaraka za serikali, kumbukumbu za wanasiasa na ripoti za kampuni za madini. Katika maandishi hayo, mkazi wa kawaida wa Lubumbashi hujitokeza kama mfanyakazi au mkimbizi. Ni nadra kujitokeza kama mtu mwenye hoja yake kuhusu historia hiyo. Kazi za mchoraji Tshibumba Kanda Matulu zinaupinga mpangilio huo. Tshibumba alijitambulisha kuwa mwanahistoria, na kati ya mwaka 1973 na 1974 alikamilisha mfululizo wa picha zaidi ya 100 unaosimulia historia ya nchi yake tangu enzi za mababu hadi utawala wa Mobutu. Insha hii inashikilia kwamba dai lake la kuwa mwanahistoria linastahili kupimwa kama dai la kitaaluma, na kwamba nguvu yake ya kisiasa inaonekana zaidi pale picha inaposomwa pamoja na maelezo ya Kiswahili aliyoyatoa mchoraji mwenyewe.

Maisha na mazingira

Tshibumba alizaliwa mwaka 1947 katika mji wa Élisabethville, ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Lubumbashi. Mji huo ulijengwa kwa ajili ya shaba, na kwa miongo mingi maisha yake yaliongozwa na kampuni ya Union Minière. Wafanyakazi waliletwa kutoka Kasai, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini na kwingineko, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kazini na mitaani. Tshibumba alikuwa na umri wa miaka 12 au 13 nchi ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na siku 11 baadaye Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga. Kwa hiyo matukio makubwa aliyoyachora baadaye yalipita katika mji wake akiwa kijana.

Kama wachoraji wengine wa mji huo, aliishi kwa kuuza picha. Alichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga, na wanunuzi walizitundika sebuleni. Picha zilizopendwa zilikuwa na mada zinazojirudia: mamba muntu, yaani nguva, maisha ya kijijini, na ile iliyoitwa kwa Kifaransa "Colonie belge". Katika picha hii ya mwisho, mfungwa analazwa chini na kuchapwa viboko katika ua wa gereza, huku ofisa Mbelgiji akitazama na bendera ya Ubelgiji ikipepea. Anayeshika kiboko ni askari Mwafrika. Wenyeji walisema thamani ya picha ya namna hiyo ni ukumbusho, yaani uwezo wa kumrudishia mtazamaji jambo linalopaswa kufikiriwa tena. Ukumbusho huo haukuishia katika zama za ukoloni. Raia aliyekuwa akiishi chini ya chama kimoja hakuhitaji kufafanuliwa maana ya askari mzalendo anayemchapa mzalendo mwenzake kwa amri ya mkubwa.

Kutoka picha moja hadi simulizi

Mwishoni mwa mwaka 1973 Tshibumba alikutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha Lubumbashi. Fursa hiyo ilimwezesha kutekeleza mradi ambao soko la sebuleni lisingeuweza: kuipanga historia nzima kwa mfuatano. Mfululizo huo unapita katika ujio wa Wazungu, kuuawa kwa Msiri mwaka 1891, utawala wa Wabelgiji, mauaji ya wafanyakazi wa Union Minière waliogoma mjini Élisabethville mwezi Desemba 1941, uhuru, kujitenga kwa Katanga na kutwaa madaraka kwa Mobutu mwaka 1965. Hauishii hapo, picha za mwisho zinageukia mustakabali. Uteuzi na mfuatano huu ndio unaompa Tshibumba sifa ya mwanahistoria. Picha ya wagomaji waliopigwa risasi, ikisimama kati ya Msiri na Lumumba, inadai kwamba vifo hivyo vitatu ni vya historia moja.

Lumumba ndiye kitovu cha simulizi hiyo. Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa karibu na Élisabethville usiku wa tarehe 17 Januari 1961. Mwezi uliofuata serikali ya Katanga ilitangaza kwamba walitoroka na kuuawa na wanakijiji. Mwaka 1966 Mobutu, ambaye mwenyewe alishiriki katika kumwangusha Lumumba, alimtangaza kuwa shujaa wa taifa. Hivyo, mnamo mwaka 1974 kumsifu Lumumba kuliruhusiwa. Kuuliza nani aliyemwua kulikuwa hatari. Katika picha yake ya mauaji hayo, Tshibumba alichora misalaba mitatu nyuma ya miili ya wafu. Alieleza, akisisitiza kuwa huo ni mtazamo wake mwenyewe, kwamba Lumumba alikuwa Bwana Yesu wa Zaire. Kwa mtafiti wa nyaraka, misalaba hiyo ni kosa, kwa kuwa haikuwapo. Kwa mtazamaji aliyelelewa katika Ukristo wa mji wa madini, misalaba inafungua swali ambalo tangazo la serikali lililifunga: aliyekufa kama Yesu alisalitiwa na mtu wa karibu, na akahukumiwa na wenye mamlaka.

Lugha mbili na mipaka ya ushahidi

Maandishi yaliyomo katika picha ni ya Kifaransa, lugha ya shule na ofisi, na aghalabu yanaiita nchi Zaire hata kwa matukio yaliyotangulia mwaka 1971, jina hilo lilipoanza kutumika rasmi. Maandishi hayo yana sura ya utii. Mazungumzo na Fabian, kwa upande mwingine, yalifanyika katika Kiswahili cha Lubumbashi, na humo ndimo mchoraji alimofafanua, alimolinganisha na kutoa hukumu. Jambo hili linamweka karibu na André Yav, mtumishi wa nyumbani wa zamani aliyeandika historia ya mji huohuo kwa Kiswahili mwaka 1965. Wote wawili walitumia lugha ya kazi kuisimulia historia kwa mtazamo wa waliofanya kazi.

Hata hivyo, upo ukinzani unaopaswa kuzingatiwa. Mfululizo huu ulinunuliwa na mgeni, na maelezo yake yalitolewa kwa kujibu maswali ya mgeni huyo. Hoja hii inapunguza uwezekano wa kuuchukulia mfululizo kama sauti ya umma wote, lakini haiondoi umiliki wa hoja zilizomo. Picha ya ua wa gereza ilikuwa ikinunuliwa na wenyeji kabla ya mkutano huo, na siasa iliyomo katika mfululizo ni ileile, sasa ikiwa imepewa nafasi ya kutosha.

Hitimisho

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba hakuonekana tena, na hatima yake haijajulikana. Picha zake zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Wereldmuseum (zamani Tropenmuseum) mjini Amsterdam, na kitabu cha Fabian cha mwaka 1996 kilizichapisha pamoja na tafsiri ya maelezo yake. Historia aliyoichora kwa ajili ya watu wa Lubumbashi inapatikana kwa urahisi zaidi mbali na mji huo, na kwa Kiingereza kuliko kwa lugha aliyoitumia kuieleza. Kurejea katika maelezo yake ya Kiswahili ni sharti la kumsoma Tshibumba kama alivyojitambulisha: mwanahistoria aliyetumia rangi na gunia la unga kuuliza maswali ambayo dola ilitaka yasahaulike.